Jumba la Yusupov, St. Petersburg: nendeni kwa ajili ya mama mwenye nyumba

Watu wengi wanaoingia jumba la Yusupov, namba 94 kando ya mto Moika, wanafuata habari ya mauaji. Wamesikia kuwa Grigori Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa karibu sana na familia ya Tsar, yaani mfalme wa Urusi, alimalizwa humo usiku mmoja wa Desemba 1916, kwa hiyo wanataka kushuka chumba cha chini, waone sanamu za nta, wapige picha, waondoke. Chumba kipo na sanamu zipo. Lakini nyumba ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mwanamke: Zinaida Nikolaevna Yusupova, wa mwisho wa ukoo wake na mmoja wa watu matajiri kuliko wote Urusi nzima. Nimeandika haya ili mtu wetu atakayefika kule asimpite mama yule mlangoni.

Mimi ni fundi nguo, nashona magauni ya harusi Kariakoo, na binti yangu anasomea udaktari St. Petersburg. Nilikwenda kumwona yeye, naye akanipeleka kwenye jumba hili kwa kuwa ananijua. Basi msishangae nikikaa sana kwenye mshono na bitana. Kwa maoni yangu huwezi kuyaelewa maisha ya mwanamke wa ikulu ya Tsar mpaka ujue alivaa nini, saa ngapi, na mbele ya nani.

Kufika si shida. Kutoka kanisa kuu la Mtakatifu Isaka unaufuata mto kwa miguu, hapo karibu tu, unaliona jengo refu la njano lenye nguzo nyeupe mbele. Kadi zetu za Visa na Mastercard hazifanyi kazi Urusi tangu 2022, kwa hiyo bebeni rubli taslimu. Koti la baridi unaliacha kwenye chumba cha makoti, ndiyo desturi ya makumbusho ya kule. Kumbi za juu zina tiketi yake na maonyesho ya Rasputin yana tiketi yake. Kama fedha inatosha tiketi moja, nunua ya kumbi za juu bila kusita.

Neno moja kuhusu watembeza wageni. Safari yetu ya kwanza tulimchukua kijana kupitia wakala mmoja wa utalii, wakala ambaye simtaji. Kijana alianza na sumu, akaendelea na risasi, akamaliza na maji ya mto yaliyoganda. Vyumba vya juu tulivipita kama watu wanaowahi basi. Nikamwuliza, binti yangu akitafsiri, kitambaa kile cha ukutani ni cha asili au kimerudishiwa. Akasema hajui, tena hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza. Iliniuma, maana tulikuwa tumemlipa fedha nzuri. Tuliporudi, tulirudi wenyewe, na kifaa cha kusikilizia maelezo. Kiswahili hakimo, ila binti yangu alinitafsiria sentensi kwa sentensi, tukasimama tulipotaka kusimama. Fanyeni hivyo.

Sasa tuingie. Kinachokupokea ni ngazi kuu: marumaru nyeupe, pana, taa kubwa ya kuning'inia juu yake, sanamu pembeni. Wageni wa karamu walipanda hapo, na juu wenyeji waliwasubiri wawapokee. Mimi nilisimama chini nikazitazama ngazi kwa jicho la fundi. Mwanamke aliyevaa gauni lenye mkia, bega wazi, mkono mmoja umeshika kipepeo cha kujipepea, mwingine umeinua pindo, lazima apande bila kutazama chini na bila kukanyaga nguo yake, huku watu wote wa maana wa mji wanamtazama. Bibi harusi wetu huwa namfundisha kupanda ngazi tatu za jukwaa, na anatetemeka. Hawa walifundishwa tangu utotoni, na mwalimu wa dansi alikuwa na kazi hiyo hasa.

Bibi Zinaida alizaliwa mwaka 1861. Mwaka huohuo Tsar Alexander wa Pili alitia saini amri ya kuwafungua wakulima waliokuwa mali ya makabaila, wakiuzwa na kununuliwa pamoja na mashamba. Tarehe hiyo nilitembea nayo nyumba nzima. Babu yake, Boris Yusupov, alilinunua jumba hili mwaka 1830, na ukoo ulikuwa na maelfu kwa maelfu ya wakulima wa aina hiyo. Uzuri ule una jasho la watu ambao picha zao hazipo ukutani, na mtu anayeingia mle anapaswa kulijua hilo kabla ya kuanza kustaajabu. Mimi nilistaajabu pia, sikatai, lakini nililijua.

Ukoo wenyewe una asili ambayo wasomaji wengi wa pwani itawagusa. Mzee wao ni Yusuf, mtawala wa Wanogai, watu wa nyika za kusini mwa Urusi, wa karne ya 16, Mwislamu. Wazao wake waliingia utumishi wa Tsar, na katika karne ya 17 mmoja wao, Abdul Mirza, akabatizwa na kuitwa Dmitry. Ndani ya ukoo kulikuwa na masimulizi kwamba kwa kuiacha dini ya wazee walipata laana: katika kila kizazi atabaki mtoto mmoja tu wa kuvuka miaka 26. Siandiki kuthibitisha laana. Naandika kwa sababu mama huyu aliishi na masimulizi hayo kichwani. Kaka yake alifariki mchanga. Mdogo wake Tatiana alifariki mwaka 1888 akiwa na miaka 22. Akabaki yeye peke yake, na mali yote, na jina lote.

Unapolijua hilo, sebule ya Kimoor, yaani ya mtindo wa Waislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania ya zamani, inakuwa kitu kingine. Ni chumba chenye nakshi za dhahabu na rangi kutoka sakafuni hadi darini, matao, chemchemi ya ndani, na mistari ya herufi za Kiarabu ikizunguka ukuta. Majumba mengi ya Ulaya ya wakati ule yalikuwa na chumba cha namna hiyo kwa ajili ya mtindo tu, pa kuvutia sigara. Kwa ukoo wa Yusuf nadhani kilikuwa na uzito zaidi. Bibi mmoja mlinzi, mama wa makamo aliyekaa kitini na sweta lake la kufuma, aliniona nimesimama muda mrefu akamwuliza binti yangu tunatoka wapi. Alipoambiwa Tanzania akanyanyuka, akatuonyesha kwa kidole pembe ambapo nakshi ya zamani inakutana na iliyokarabatiwa. Ukiisogelea unaona: dhahabu ya zamani imetulia, mpya ina mng'ao mkali kidogo. Kijana wa wakala hakutuonyesha hata nusu ya hayo.

Mwaka 1882 Zinaida aliolewa na afisa wa jeshi la walinzi, kabaila Felix Sumarokov-Elston. Masimulizi yanasema alikuwa amewakataa wachumba wa hadhi kubwa kuliko huyo, na kwamba huyu alimchagua mwenyewe. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho wa ukoo, Tsar aliridhia mume ndiye achukue jina na cheo cha mke, ili jina Yusupov lisife. Wakapata watoto wa kiume wawili waliokua, Nikolai na Felix. Katika miaka ya 1890 nyumba ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na ukumbi wa michezo ya kuigiza ukatengenezwa upya.

Ukumbi huo wa maonyesho ndani ya nyumba ya mtu, jamani, ni wa kuona. Viti kama 180, mahameli nyekundu, mapambo ya dhahabu, jukwaa kamili na pazia lake, vyumba vidogo vya pembeni kwa wageni wa heshima. Hata leo maonyesho hufanyika humo. Kaeni kidogo kwenye kiti mtazame darini. Mwanamke kabaila hakuwa mtazamaji tu katika ukumbi kama huu. Alicheza, aliimba, aliigiza mbele ya wageni, na mafanikio ya jioni nzima yalihesabiwa juu yake. Chakula kikichelewa ni yeye, balozi akikalishwa vibaya ni yeye, mfalme akichoka mapema ni yeye.

Hapa nataka nitoke kidogo nje ya jumba, maana bila nguo za ikulu nyumba hii ni nusu. Jumba la Yusupov lilikuwa nyumba ya mtu binafsi. Kazi yenyewe ya ikulu ilifanyika kwenye Kasri la Majira ya Baridi, ambalo sasa ni jumba la makumbusho la Hermitage. Hermitage ina kituo chake cha kuhifadhia vitu huko Staraya Derevnya, nje kidogo ya katikati ya mji, na humo kuna maonyesho ya mavazi. Ulizieni ratiba kabla hamjaenda. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya pili ya ziara hii, si ya ziada.

Mwaka 1834 Tsar Nicholas wa Kwanza alitoa amri ya vazi la wanawake wa ikulu, na kwa sehemu kubwa likabaki hivyo hadi ufalme ulipoanguka mwaka 1917. Ndani ni sketi ya satini nyeupe. Juu yake gauni la mahameli lililofunguka mbele ili satini ionekane, mikono mirefu iliyopasuliwa inayoning'inia, mabega wazi, na nyuma mkia mrefu. Kichwani kokoshniki, kile kilemba kigumu cha Kirusi kinachosimama kama nusu mwezi, na shela ikishuka mgongoni. Rangi haikuwa hiari. Wanawake wa cheo cha juu walioolewa, stats-dama, walivaa mahameli ya kijani. Wasichana wa heshima wa malkia, wanaoitwa freilina, walivaa nyekundu. Mtu aliyesimama mwisho wa ukumbi aliweza kusoma cheo cha kila mwanamke kabla hajauona uso wake.

Nilikaribia kioo nikatazama pindo la mkia mmoja mpaka pumzi yangu ikaacha ukungu. Uzi wa dhahabu haukupita ndani ya kitambaa. Ulilazwa juu, juu ya kitu kigumu kilichokatwa umbo la jani, halafu ukafungwa hatua kwa hatua kwa uzi mwembamba wa hariri usioonekana. Ndivyo inavyotakiwa, maana uzi wa madini ukiupitisha na kuurudisha kwenye mahameli utakatika na utaharibu manyoya ya kitambaa. Kati ya majani kuna vijichembe vya kung'aa, kila kimoja na mshono wake. Mwenye joho la harusi la babu yake lililotariziwa kwa dhahabu akalitoe sandukuni alitazame kwa karibu, ataona ukoo mmoja wa kazi, ila huku limejaa gauni zima, kifuani, pindoni, na mita kadhaa za mkia. Uzito wake sihitaji kuambiwa. Nimeshashika mahameli yenye tarizi za namna hiyo, najua mabega yanavyouma, na hawa walisimama nalo ibada nzima ya kanisa la ikulu, halafu salamu, halafu maandamano kupita kumbi moja baada ya nyingine, bila kukaa.

Freilina lazima awe hajaolewa. Alama yake ilikuwa herufi za jina la malkia zilizotengenezwa kwa almasi, zikining'inia kwenye utepe wa buluu upande wa kushoto wa kifua. Baadhi yao waliishi ndani ya kasri, ghorofa ya juu, kwenye korido ndefu yenye vyumba vyao, wakipanda na kushuka ngazi nyingi kila walipoitwa. Siku ya zamu msichana alikuwa wa malkia: kumsomea kwa sauti, kumwandikia barua, kumsindikiza matembezini, kuketi chumba cha nje akisubiri kengele. Akiolewa, kazi imekwisha. Wazazi walihangaika miaka kumpatia binti nafasi hiyo, maana ikulu ndiyo iliyokuwa na wachumba. Nikimtazama binti yangu na vitabu vyake vya upasuaji, katika mji uleule, nilishukuru Mungu kwa wazi kabisa.

Na nani aliyeshona? Hilo ndilo swali nililokwenda nalo, na nilifurahi kupata majina. St. Petersburg alikuwepo Olga Bulbenkova, fundi aliyebobea kwenye magauni rasmi ya ikulu, na kazi za karakana yake zimehifadhiwa Hermitage. Moscow alikuwepo Nadezhda Lamanova, aliyefungua duka lake mwaka 1885 akawa mshonaji wa ikulu, na hata baada ya mapinduzi aliendelea kubuni nguo chini ya serikali mpya. Nyuma yao kulikuwa na wasichana wa sindano ambao majina yao hayakuandikwa. Mkifika mbele ya gauni msisome kibao cha mvaaji tu, tafuteni na kibao cha karakana.

Mchoraji Valentin Serov aliwachora wote wawili, mvaaji na mshonaji. Lamanova alichorwa mwaka 1911, na picha ile Serov hakuimaliza kwa sababu kifo kilimfika. Zinaida alichorwa kati ya 1900 na 1902, ndani ya jumba hilihili la Moika, na picha sasa iko Makumbusho ya Urusi, ambayo kwa miguu inafikika kutoka huku. Nendeni siku hiyohiyo, macho yakiwa bado yana vyumba. Amekaa kwenye kochi, gauni jepesi la rangi ya mpauko, mbwa mdogo mweupe mgongoni pake. Nimeisoma picha ile kama nisomavyo mteja aliyekuja kupimwa. Mwili umeegemea mbele kidogo, kama mtu anayetaka kukujibu, uso una tabasamu la mwanzo tu. Lakini Serov amejaza fremu kwa viti, mito na vitu vya thamani, na mama mwenyewe amesukumwa kando. Ni picha ya mwanamke anayeshirikiana nyumba na mali zake, na mali zimechukua nafasi kubwa.

Februari 1903 Tsar Nicholas wa Pili na Malkia Alexandra walifanya karamu kubwa ya mavazi katika Kasri la Majira ya Baridi. Wageni wote walivaa mtindo wa Urusi ya karne ya 17, makoti mazito, manyoya, lulu kichwani. Zinaida, akiwa na miaka 41, alicheza dansi ya Kirusi, na watu waliokuwepo walikuwa bado wanaisimulia wakiwa uhamishoni wamezeeka. Wageni walipigwa picha wakiwa katika mavazi yale na picha zikatolewa kwa albamu. Zitazameni kabla ya safari, ziko wazi mtandaoni, na mtaona ni kwa nini mafundi wa mji mzima hawakulala majira yale ya baridi.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1908, mwanawe mkubwa Nikolai aliuawa kwa risasi katika pambano la heshima kwa ajili ya mwanamke, huko huko St. Petersburg, kisiwa cha Krestovsky. Alikuwa na miaka 25, amebakiza miezi kufika 26. Nilipotembea kwenye kumbi za dansi nikilijua hilo, vioo vile havikunifurahisha tena kama mwanzo. Sina la kuongeza.

Tukija kwa Rasputin. Zinaida alikuwa mmoja wa wanawake wachache waliothubutu kumwambia Malkia Alexandra uso kwa uso kwamba yule mtu anauangusha ufalme. Alikwenda Tsarskoe Selo, makazi ya familia ya mfalme nje ya mji, mwaka 1916 kusema hivyo, na alitolewa kwa ubaridi, urafiki ukafa hapo. Kwa mwanamke wa ikulu hiyo ni adhabu kamili, maana kila alichonacho katika jamii kinapimwa kwa umbali wake na malkia. Desemba mwaka huo mwanawe Felix na wenzake walimvuta Rasputin hadi chumba cha chini cha nyumba hii. Na mama mwenye nyumba? Alikuwa Crimea, mbali kusini kwenye Bahari Nyeusi. Usiku ambao wageni wote wanaufuata, yeye hakuwepo kabisa. Kwa hiyo mtu anayeshuka chini tu, akatoka, amezuru nyumba ya Zinaida katika usiku mmoja ambao Zinaida hakuwa nyumbani.

Nikiri pia kile ambacho hakimo, ili msiende na matumaini yasiyo sahihi. Baada ya mapinduzi nyumba ilitaifishwa, na sehemu kubwa ya picha na vitu vya thamani ikahamishiwa Hermitage na makumbusho mengine. Picha mbili za Rembrandt zilizokuwa za ukoo, ya mwanamume na ya mwanamke mwenye kipepeo cha manyoya ya mbuni, Felix aliondoka nazo, leo ziko Washington. Vito navyo vilitawanyika: lulu mashuhuri ya La Pelegrina aliivaa Zinaida, na akiba nyingine ya ukoo iligunduliwa mwaka 1925 imefichwa chini ya ngazi katika nyumba yao ya Moscow. Kwa hiyo vyumba vingine vina kuta nzuri na vitu vichache. Jumba lenyewe lilinusurika kwa sababu katika miaka ya 1920 lilikabidhiwa walimu wa mji, likawa nyumba yao ya utamaduni. Mimi, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, hilo lilinipendeza kuliko taa zote: mwalimu wa hesabu akitoka kazini, anapanda ngazi zile kwenda kusikiliza muziki.

Lililonigusa zaidi ya yote halimo ndani ya jumba, lazima mlibebe wenyewe mnapoingia. Aprili 1919 Zinaida aliondoka Crimea kwa meli ya kivita ya Waingereza, HMS Marlborough, pamoja na mama yake Tsar, Maria Feodorovna. Akaishi Roma, kisha Paris, na akafariki Paris mwaka 1939. Na huko Paris, wanawake waliovaa yale magauni walishika sindano. Felix na mkewe Irina, aliyekuwa mpwa wa Tsar, walifungua nyumba ya mitindo ya Irfé mwaka 1924. Maria Pavlovna, binamu wa Tsar, alianzisha karakana ya kutarizi ya Kitmir mwaka 1921, akajifunza mwenyewe kutumia mashine ya kutarizi, akawa anapokea oda za Chanel. Wanawake wengi wa kikabaila, wasio na majina makubwa, walikaa kwenye vyumba vya kupanga wakidarizi blauzi kwa kipande. Kumbe zile saa za utotoni za kufundishwa kudarizi, zilizohesabiwa kuwa pambo la msichana wa ukoo bora, ndizo zilizowalipia kodi. Nimefundisha wasichana wengi kushona, wengine waliletwa na wazazi wakiona ni kazi ya waliofeli. Habari hii sasa nawasimulia siku ya kwanza, kabla hawajagusa cherehani.

Hukumu yangu basi. Jumba la Yusupov lina thamani ya kila rubli kwa mtu anayependa nguo, ufundi wa nyumba, muziki, au maisha ya wanawake wa zamani. Anayetafuta hazina zilizojaa makabati aende Hermitage. Watoto wadogo watachoka baada ya kumbi chache, lakini ukumbi wa maonyesho watautaka, kwa hiyo anzeni nao. Wazee wenye magoti wajipange kwa ngazi na waombe kukaa, walinzi ni watu wema. Tengeni asubuhi nzima kwa jumba, mchana Makumbusho ya Urusi kwa ajili ya ile picha ya Serov, na siku nyingine ya Staraya Derevnya kwa mavazi. Chumba cha Rasputin kama mnakitaka kiwe cha mwisho, mkiwa mmeshajua ni nyumba ya nani. Na kama una binti au mdogo wako anayesoma St. Petersburg, mwambie akushike mkono barafu ikiwa bado haijayeyuka, kingo za Moika zinateleza vibaya mwezi wa tatu.